Fungu la Mlembe

1

Sikio la kwanza lilinyamaza wiki ya pili ya Julai, na hakuna aliyeshtuka. Katika masikio mia tatu na kumi na mawili, moja likinyamaza ni sawa na mwanafunzi mmoja kukosa gwaride la asubuhi. Mwalimu wa zamu ataandika jina na mambo yataendelea. Lakini kufikia mwisho wa Agosti yalikuwa yamenyamaza kumi na tisa, yote katika bonde la Lichinde, na Mwalimu Fulgensi Ngonyani akaona haya si mambo ya kuandika tu. Akampigia Somoe simu chuoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Masikio yako yanakufa. Unakuja lini?"

Hakuwa mtu wa mizunguko. Alikuwa amefundisha fizikia Sekondari ya Mkwesa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote shule ilipata kikombe kimoja tu, cha Shindano la Ubunifu wa Shule kwa Viumbe Pori. Kikombe hicho kililetwa miaka mitano iliyopita na wasichana wawili wa kidato cha nne, Somoe Kandulu na Rehani Mkwanda. Kilikuwa bado juu ya kabati la maabara. Mwalimu alikifuta vumbi mwenyewe kila Ijumaa, na mwanafunzi aliyethubutu kukigusa alipewa kazi ya kufyeka.

Somoe alipofika alimkuta amepanga masikio manne yaliyokufa juu ya meza. Vilikuwa vikasha vya mwanzi, vidogo kuliko kopo la maziwa, vya kupigiliwa kwenye miti yenye nyuki. Kikiwa kizima, kikasha kilisikiliza mtetemo ndani ya gogo na kupeleka habari kwenye simu za watu wa kijiji cha Lilombe. Kidoti cha kijani kwenye ramani maana yake sikio ni zima, cha njano asali imeiva, chekundu moto unalia karibu. Haya manne yalikuwa na vidoti vya kijivu.

"Tazama hapa kwenye kifuniko," Mwalimu alisema. "Nta ya kuzibia imechokonolewa, umande ukaingia, basi. Kuna mtu anafanya hivi kwa makusudi."

"Nani, Mwalimu? Na anapata faida gani?"

"Ningemjua ningekuita?" Akamsukumia katoni. "Kamati ya shindano imetuma gundi. Inabaki na unato siku mbili, kisha inakuwa jiwe. Kwangua nta yote, paka hii. Anza na yale mazima kabla hajayafikia, halafu tuone huyo fundi atatumia meno gani."

Wazo la nta lilikuwa la Rehani. Shindano lilitaka sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na katikati yake lilitaka sanaa, na Rehani alikuwa na mikono iliyojua kuchora kabla haijajua kuandika. Aliziba vifuniko kwa nta ya nyuki, akaigandamiza nakshi za vyungu vya bibi yake. Majaji waliyageuza masikio yale mikononi kwa furaha. Hakuna plastiki, walisema, malighafi ya kijijini, na uzuri juu yake.

Sasa Rehani alikuwa mkuu wa zamu ya moto ya kijiji. Alimsindikiza Somoe bondeni mchana ule ule, panga kiunoni, na wakaanza na sikio la arobaini na moja, kwenye mninga mkubwa karibu na kivuko. Somoe aliikwangua nta hadi chembe ya mwisho, akaipima, akaisajili kwenye simu, akaitia kwenye mfuko ili irudi maabara. Ndivyo kanuni ilivyotaka. Kisha akapaka gundi pande zote nne, kwa unadhifu wa mtu anayejua kazi yake ni yake.

Rehani aligusa ukingo kwa kidole, akakivuta kwa shida. "Inanata kama ulimbo."

"Siku mbili tu."

Juu ya mninga kulikuwa na ndege anapiga kelele, chi-chi-chi-chi-chi bila kupumua, akiruka tawi hadi tawi. Rehani alimwangalia kidogo, akarudi kwenye mambo yake. Alikuwa akitazama upande wa pili wa mto, kwenye mteremko ambako miti yote ilikuwa na umri mmoja. Huko ndiko moto ulikopita miaka saba nyuma, moto wa mwenge wa mrina asali mmoja aliyefukuza nyuki kwa majani makavu na upepo ukamzidi akili. Baba yake Rehani alikuwa amelala kwenye dungu la shamba. Walimtambua kwa mkanda.

"Tangu masikio yawekwe," Rehani alisema, "hakuna mwenge ulioingia humu. Hata mmoja."

Kidoti cha arobaini na moja kilikuwa kijani kibichi. Wakaenda kwenye linalofuata, na hadi jua linainama walikuwa wamepaka matatu.

2

Mzee Ausi Kandulu, babu yake Somoe, alikuwa amerina asali tangu kabla ya kuota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa nyeupe. Alikuwa na simu kama wengine. Alikuwa na kipulizo, kile cha kutoa mvuke baridi wa majani unaolewesha nyuki bila moto, na alikuwa na ndoo yenye mizani. Alivitumia vyote vizuri, maana mjukuu wake ndiye aliyevitengeneza, na mtu aliyemkosoa mjukuu wake mbele yake alijuta.

Walikuwa wanakula ugali na kisamvu pale uani, magharibi imeshaswaliwa, alipouliza, "Huko bondeni leo, mlembe hakuwaita?"

"Mlembe yupi, babu?"

Mzee aliacha tonge hewani. "Mlembe, mama. Yule ndege wa asali."

Somoe alihisi uso ukimwaka. Alikuwa amemsikia. Nusu saa nzima alikuwa amemsikia, na asingeweza kusema hata rangi yake.

"Amebaki mmoja tu anayeniitikia," Mzee alisema. "Zamani ukipiga mlio wako asubuhi, walikuja wawili, watatu, wakagombana nani akuongoze. Yeye anajua asali iko mti gani ila hawezi kupasua mti wala kupambana na nyuki. Wewe unaweza kupasua, lakini hujui ni mti gani. Basi mnakwenda pamoja. Ukishatoa asali unachuma majani mabichi, unayatandika chini, unaweka sega lenye nta juu yake. Hilo fungu lake. Baba yangu alinichapa siku moja nilipolila."

"Na wewe siku hizi humwachii?"

"Ndoo haitaki."

Aliyasema hayo akicheka, lakini Somoe hakucheka, kwa sababu alijua ndoo haitaki nini. Ilipima asali na nta, ikalinganisha na kile sikio lilichokadiria ndani ya gogo. Nta ikipungua, simu ilitangaza kwamba taka imebaki msituni, na mrina akafungiwa ramani siku kumi na nne. Masega yaliyotupwa huita nyegere na siafu. Ndivyo walivyoandika kwenye maelezo ya mradi. Na fomu ya shindano, swali la saba, iliuliza: *Mradi wenu unaacha nini msituni?* Wenzao wa shule nyingine walijaza kurasa. Somoe aliandika neno moja, *Hakuna*. Jaji mkuu alilisoma kwa sauti mbele ya ukumbi mzima, watu wakapiga makofi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Usiku huo huo aliiandika kanuni ya ndoo kwa mkono wake.

"Nilifungiwa mara tatu," Mzee aliendelea. "Mara ya tatu nikasema, Ausi, umezeeka, utashindana na ndoo? Nikaacha. Nikimsikia ananiita, nageuza uso kama mtu aliyemwona mgeni na nyumbani hakuna unga."

"Miaka mitano, babu. Mbona hukuniambia?"

Mzee alinawa mikono taratibu. "Ulikuwa umeleta kikombe," alisema.

3

Asubuhi waliondoka na umande. Mzee alisimama kwenye njia panda ya bondeni, akajaza kifua, akautetemesha ulimi: "Brrrr-hm! Brrrr-hm!" Aliurudia hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Somoe alikuwa ameusikia mlio huo utotoni kila alfajiri, na hakujua ni lini ulikoma.

Ndege alikuja. Alikuwa wa kahawia, mnene kidogo kuliko shomoro, mwenye manyoya meupe pembeni mwa mkia. Alitua kwenye mgunga, akapiga chi-chi-chi-chi, akaruka mbele kiasi cha kuonekana, akasubiri. Walipomkaribia akaruka tena. Mzee alitembea haraka, fimbo imesahaulika kwapani, na Somoe akaona babu yake alivyokuwa kabla hajawa babu wa mtu.

Walipita mtondoo wenye nyuki. Kidoti chake kilikuwa cha njano, asali imeiva, lakini ndege hakugeuza hata kichwa. Walipita mti mwingine hivyo hivyo. Mzee akaanza kukunja uso.

"Hajawahi kupita mzinga," alisema. "Labda naye kazeeka."

Ndege alisimama kwenye mkarati karibu na maji. Hapakuwa na nyuki pale. Walihama mwaka jana. Kilichokuwepo ni sikio la sitini na tatu, kikasha cha mwanzi kilichosahaulika. Ndege alitua juu yake, akawaangalia, akadonoa kifuniko mara mbili. Kisha akaruka kwenye tawi la juu na kunyamaza. Hunyamaza akishafika, hiyo ndiyo lugha yake ya kusema ni hapa.

Wala hapakuhitaji darubini. Nakshi za Rehani zilikuwa zimechimbuliwa upande mmoja, vijishimo vidogo vidogo vya mdomo, na chembe za nta zimeganda kwenye gome.

"Ndiye fundi wenu," Mzee alisema polepole. "Nta yote ya msitu huu mmeibeba kwenye ndoo, mkaacha hii tu. Anaijua iko wapi. Ametuita tuje tumfungulie."

Mzee alikaa kwenye jiwe.

"Unajua ndege huyu halelewi na mama yake? Anatagwa kwenye kiota cha wengine, analelewa na watu baki. Hakuna wa kumfundisha. Hujifunza pale pale kwenye fungu, anapowakuta wakubwa wanakula, anamwona na mtu amesimama, anasema kumbe huyu ndiye wa kumwita. Fungu ndilo darasa lake. Miaka mitano hamna darasa. Vijana wake wapo msituni, nawaona, lakini ukiwapigia mlio wanakimbia kama umewarushia jiwe. Huyu akiondoka, ndio basi."

Kwenye mfuko wa Somoe, ndani ya karatasi, kulikuwa na donge la nta ya jana, kubwa kuliko yai. Mzee aliliona alipofungua mfuko kutoa maji. Alilitazama, kisha akamtazama ndege aliyekuwa bado amenyamaza juu ya tawi, akisubiri.

"Hiyo imeshapimwa, babu," Somoe alisema. "Imesajiliwa kwa jina langu. Lazima nimwambie Mwalimu kwanza, ili nifute kanuni yenyewe kabisa. Kesho tutamletea sega zima, kwa haki, kama zamani."

Alikuwa mwanafunzi mzuri siku zote. Daftari lake halikuwahi kuwa na ukurasa uliochanwa. Mzee Ausi alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, maana aliyesema ndiye mwenye kikombe, na kesho haikuwa mbali.

Ndege alisubiri muda mrefu. Walipogeuka kuondoka aliwafuata miti miwili, mitatu, akipiga kelele nyuma yao, kisha akakata tamaa akaelekea upande wa kivuko.

4

"Haiwezekani," Mwalimu Ngonyani alisema. "Kanuni ya ndoo ni ya kamati. Kamati inakaa Oktoba."

"Oktoba huyu ndege atakuwa hai, Mwalimu?"

"Mimi nafundisha fizikia, Somoe. Usiniulize ya ndege."

Lakini alikuwa amevua miwani, na mtu aliyemjua alijua anafanya hivyo akishindwa hoja. Rehani alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara. Alikuwa amesikia yote.

"Na masikio?" aliuliza. "Unataka tuyaache na nta ili ayachokonoe?"

"Akipata fungu lake hatayachokonoa."

"Una hakika?"

"Sina."

"Basi sikia, dada yangu. Huu ni mwezi wa nane. Majani yamekauka, cheche moja inatosha. Kila sikio linalokufa ni kipande cha msitu nisichokisikia. Umesikitika kwa ajili ya ndege, na mimi namsikitikia. Lakini ndege ana mbawa. Baba hakuwa nazo."

Nje wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wakifagia, wakitaniana. Somoe alitazama simu yake kwa kukosa pa kutazama. Kidoti cha arobaini na moja, pale kivukoni, kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa cha njano, na chini yake maandishi: *Mtetemo wa mbawa, mkubwa. Nyuki wapo. Andaa mavuno.*

"Angalau gundi inafanya kazi," alisema, akawaonyesha. "Lile la arobaini na moja tulilipaka jana, sasa linasikia kuliko yote."

Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hata Rehani alilegeza mabega. Wakafikia mwafaka wa watu waliochoka: masikio yote yapakwe gundi, Rehani aulinde msitu wake, na kanuni ya ndoo ifutwe leo leo, kamati itaambiwa ikishakuwa. Somoe ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alikaa kwenye kompyuta ya maabara, akatafuta mstari alioandika akiwa na miaka kumi na minane, akaufuta. Ilichukua dakika nne. Miaka mitano ya njaa, na kuiondoa kulichukua dakika nne. Hilo lilimuumiza kuliko kama lingechukua mwezi.

Jua likiwa linazama alitazama ramani tena. Arobaini na moja ilikuwa imerudi kijani. Kimya. Nyuki nao hulala, aliwaza.

5

Kesho yake walikwenda watatu, maana Rehani alisema anataka kumwona huyo ndege wa kugombanisha marafiki. Walirina ule mtondoo. Mzee alipanda mwenyewe hadi nusu, wakamzuia, Rehani akamalizia. Asali ilikuwa nyingi, ya maua ya mtondoo, nyekundu na nzito. Ndoo ilipima, nta ikapungua, na simu haikusema chochote.

Mzee alichuma majani mabichi, akayachagua moja moja kama anayemtandikia mgeni. Juu yake aliweka sega, si kipande, sega zima lenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima na nusu. Akarudi nyuma hatua kumi kama alivyofundishwa na baba yake, akaita.

"Brrrr-hm! Brrrr-hm!"

Msitu ulikuwa na ndege wengi asubuhi ile. Chozi walikuwepo, na njiwa, na kigogota mahali fulani. Mzee aliita hadi sauti ikakauka. Somoe alijaribu, ulimi wake haukujua, ikatoka kitu cha kuchekesha ambacho hakuna aliyekicheka. Siafu wawili watatu walikuwa wameshagundua sega.

"Jana alielekea kivukoni," Mzee alisema. "Twende sisi kwake leo, kwani ubaya uko wapi? Miaka yote amekuja yeye kwetu."

Somoe ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu alijua pa kutazama. Alisimama hatua chache kutoka kwenye mninga.

Mlembe alikuwa kwenye sikio la arobaini na moja, kifua kimenata kwenye ukingo wa kifuniko, pale ambapo nta ilikuwapo miaka mitano na gundi ilikuwapo siku mbili. Bawa moja lilikuwa limenasa limekunjuka. Lile jingine lilikuwa huru, na manyoya yake yalikuwa yamekatika ncha kwa kupiga kikasha. Alikuwa amekipiga saa nyingi. Somoe alijua saa zenyewe, alizisoma kwenye simu: tangu saa nne asubuhi ya jana hadi jua kuzama. Sikio lilikuwa limesikia kila pigo na kulipeleka kwa uaminifu. Na yeye aliwaonyesha wenzake, akafurahi.

Rehani alisema, "Ulimbo." Alilisema kwa sauti ndogo. "Nilisema mwenyewe ni ulimbo."

Mzee Ausi hakumlaumu mtu. Laiti angelaumu. Aliomba mafuta ya kupaka aliyokuwa nayo Rehani, akayatia kwenye vidole, akaanza kumbandua ndege kidogo kidogo, akimsemesha kwa Kiyao maneno ambayo Somoe alikuwa ameyasikia mara moja tu, bibi yake alipokuwa anaoshwa. Manyoya machache ya kifuani yalibaki kwenye gundi. Alimlaza kwenye jani.

"Babu," Somoe alisema, "nta nilikuwa nayo. Jana. Nilikuwa nayo mfukoni."

"Najua, mama."

"Ilikuwa imeshapimwa."

"Najua."

Alimshika bega kwa mkono wenye mafuta na asali. Wakarudi hadi kwenye mtondoo na kumzika chini ya majani yale yale, pembeni ya fungu lake. Siafu walikuwa wamejaa.

6

Gundi ilirudishwa kwenye katoni. Aliyeirudisha ni Rehani, na siku iliyofuata alikuja kwa akina Somoe na sufuria ya nta iliyoyeyushwa na kile kibao alichogandamizia nakshi za bibi yake zamani. Hakuomba radhi wala hakuombwa. "Tutaziba kwa nta yote," alisema. "Yakichokonolewa, nitatembea nizibe tena. Kila wiki mbili, sikio kwa sikio. Moto nitausikiliza kwa miguu."

Ndivyo walivyofanya. Somoe aliandika barua chuoni kuomba kukaa nyumbani hadi mvua. Warina asali wa Lilombe walianza tena kuacha fungu, na vijana waliokulia kwenye simu waliuliza ni la nani, wakaambiwa, wakaliweka juu ya majani kwa adabu. Mzee Ausi aliita kila alfajiri. Mara mbili alimwona mlembe kijana akichungulia kutoka juu ya mti, na mara zote mbili, alipofungua mdomo, kijana aliruka akaenda zake.

Mwishoni mwa Novemba, wingu la kwanza likiwa limeshaonekana juu ya milima, Somoe alikuwa peke yake kwenye mninga wa kivukoni simu ilipoita.

"Nimekaa na ramani hapa," Mwalimu Ngonyani alisema, na sauti yake ilikuwa ya siku ile ya kikombe. "Mia tatu na kumi na mawili, Somoe. Yote ya kijani. Hakuna hata moja lililochokonolewa tangu Septemba. Kamati wanataka uende ukawaeleze wanafunzi wa mwaka huu mmefanyaje."

Somoe alipitisha kidole juu ya nta aliyoikandika wiki mbili zilizopita. Nakshi za vyungu zilikuwa nzima, mistari na vidoti vyake, kama zilivyotoka kwenye kibao. Alizungusha kidole pande zote nne akitafuta tundu, japo dogo, japo la mdomo uliojaribu ukaacha, asilione.

"Somoe? Unanisikia?"

"Nakusikia, Mwalimu," alisema, akakaa chini ya mninga, akalia.